Akina Brigitha wa Masagati

Mahabusu akishazoea rumande huacha kuuliza maswali. Brigitha Mkopi alikuwa hajazoea. Inspekta Dativa alipoingia chumba cha mahojiano pale kituo cha polisi Ifakara, Alhamisi asubuhi, yule muuguzi mwembamba alisimama, akamwamkia, kisha akauliza jambo ambalo halikuhusu dhamana, wala wakili, wala chakula.

"Shikamoo, afande. Yule mtoto ameshapewa jina?"

"Marahaba. Mtoto yupi?"

"Wa Sikitu."

"Kaa chini. Hapa nauliza mimi. Funguo za zahanati ziko wapi?"

"Nimeshasema, afande. Nilimpa nesi Apolonia siku ya makabidhiano, mbele ya watu."

"Apolonia anasema mlizishika wote kwa ajili ya picha, halafu wewe ukazichukua ukafunge mlango."

"Sikuzichukua."

"Mmefanya kazi pamoja miaka mitatu. Nini kiliwakosanisha?"

"Hatujafanya kazi pamoja hata siku moja. Siku ile ndiyo nilimwona mara ya kwanza."

Dativa alifunga jalada. Kila mara walipofika hapa, binti huyu alijiharibia mwenyewe. Kama angesema walikosana, au kwamba mwenzake alikuwa mvivu, angesikilizwa. Lakini kukana kwamba mtu amewahi kuwepo, wakati mtendaji wa kijiji, katibu wa mradi na makaratasi yote ya halmashauri yanasema alikuwepo, huko kulikuwa kujitia kitanzi.

Kesi yenyewe ilieleweka upesi. Wafadhili kutoka nje walikuja na mradi wa kulipa mishahara ya wauguzi kwenye zahanati za mbali, na Masagati, kijiji cha mwisho kabisa huko ng'ambo ya Mlimba, kikapewa Brigitha. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, halmashauri isimwondoe muuguzi wake aliyepangiwa kituo hicho, ili kijiji kiwe na wawili. La pili, miaka mitatu ikiisha, halmashauri imwajiri Brigitha kwa fedha zake yenyewe. Halmashauri ilitia saini yote mawili. Kutia saini hakujawahi kuishinda ofisi yoyote.

Mradi ukaisha. Ikafanywa sherehe, Brigitha akapewa cheti na barua ya kwaheri, ajira hakuna. Wiki chache baadaye Sikitu, mke wa mkulima, alishikwa na uchungu, akapelekwa zahanati na kukuta kufuli. Wanaume wakang'oa komeo kwa mtaimbo. Ndani hamkuwa na mtu. Mtoto alitoka hai, mama akavuja damu hadi mwisho pale pale kwenye kitanda cha kujifungulia, na mama yake mzazi akimshika mkono.

Mtu lazima apatikane wa kubeba msiba kama huo. Aliyepatikana ni Brigitha: alikuwa na hasira ya kuachwa, na alisikika akisema mlango ule hautafunguka bila yeye. Apolonia, muuguzi wa halmashauri, alieleza kwamba alikwenda kuripoti mjini na kufungiwa nje aliporudi, kwa kuwa mwenzake alitoroka na funguo. Jumatatu jalada lingekwenda kwa wakili wa serikali, na shitaka lingekuwa kuua bila kukusudia.

Dativa aliyaamini maelezo ya Apolonia kwa sababu ambayo haikuandikwa kwenye jalada. Mama huyo ndiye aliyempokea mwanawe wa pekee, hapo hapo Ifakara, katika usiku ambao Dativa alikuwa ameshakata tamaa na kuanza kumuaga mumewe. Alikuwa amekuja mjini kwenye semina, ndivyo alivyosema mwenyewe, akaona wodi imezidiwa, akavaa aproni. Tangu hapo alikuwa mtu wa nyumbani. Ubatizo alikuwepo, Krismasi alikuwepo. Dativa hakuwa na mama tena, na nafasi hiyo Apolonia aliijaza bila kuombwa.

Simu ilitetemeka mezani. Alikuwa dada wa kazi: Pola amekataa uji, afanyeje? Dativa alimwambia amwekee ndizi, akakata.

"Una mtoto, afande?" Brigitha aliuliza.

"Mmoja. Wa kike."

"Mungu amkuze," alisema, na alisema kwa moyo, jambo lililomkera Dativa zaidi ya matusi.

Mchana katibu wa mradi upande wa halmashauri, Bwana Fridolin, alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kufungua mikutano.

"Afande wangu, habari za kazi? Sikusumbui. Kuna wafadhili wapya wanataka kuja bondeni, watu wazuri sana. Wameuliza hili la Masagati limeishia wapi. Ukilifunga mapema utakuwa umeisaidia wilaya."

"Kesho nakwenda huko."

"Masagati? Kufanya nini? Ile picha ya makabidhiano si niliwaletea?"

Picha ilikuwa mbele yake. Wauguzi wawili ndani ya sare nyeupe, mikono yote minne kwenye rundo moja la funguo, nyuso zimegeukia kamera. Ilikuwa kama picha zote za makabidhiano: hujui nani anatoa na nani anapokea. Dativa aliitazama tena baada ya kukata simu. Alichokuwa hajakitazama mwanzo ni viatu. Vya Brigitha vilikuwa na tope jekundu hadi kwenye kifundo. Vya Apolonia vilikuwa vyeupe pee.

Haikuwa hoja. Mtu anaweza kuvaa viatu vipya siku ya sherehe. Lakini safari ilikuwa imeshaombewa mafuta.

*

Barabara ya Masagati haina haja ya kusimuliwa. Aliyeipita anaijua, na ambaye hajaipita hataamini. Koplo Lukelo, kijana wa Kihehe mwenye maneno machache na usukani mwepesi, aliwafikisha Ijumaa jua likiwa limeanza kuegemea milima.

Mtendaji wa kijiji, Nazari, aliwapokea kwa viti vya plastiki na soda. Dativa aliiacha soda.

"Mtendaji, nesi Apolonia alikuwa akilala wapi?"

"Pale, nyumba ya mtumishi."

"Na Brigitha?"

"Naye pale pale, afande. Nyumba moja."

"Tukaione."

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na jiko la nje. Kitanda kilikuwa kimoja, cha futi tatu na nusu, cha kamba, na kimejengewa ukutani. Hakuna aliyekiondoa wala kukileta. Lukelo alipima chumba kwa macho, akamtazama bosi wake, akatoka nje kupiga picha.

"Walilala wote hapa? Miaka mitatu?"

"Walikuwa wakipokezana zamu," Nazari alisema, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya kofia.

Walikwenda zahanati. Komeo lilikuwa limening'inia kwa msumari mmoja, na kufuli lilikuwa bado limefungwa kwenye pete yake, zima, kwa sababu mtaimbo ulikuwa umeng'oa mbao na kuliacha lenyewe. Polisi waliokuja mwanzo hawakuliona kuwa na maana. Dativa alimwambia Lukelo alikate na pete yake, alitie kwenye mfuko wa vielelezo na kuandika lebo. Kufuli zima huwa na ufunguo mahali fulani, na mwenye ufunguo ana la kujibu.

"Yale maneno ya Brigitha, kwamba mlango hautafunguka bila yeye, uliyasikia mwenyewe?"

"Kwa masikio haya."

"Alimwambia nani?"

Nazari alikohoa. "Alisema tu. Kwa hasira."

"Nyumbani kwa marehemu ni wapi?"

"Afande, wale wana majonzi. Waliokuja kwanza hawakuwasumbua, walizungumza na mimi, wakaridhika."

"Wakala na kuku, bila shaka. Nionyeshe njia, na wewe ubaki hapa."

Mama yake Sikitu, Bi Dorotea, alikuwa barazani kwa jiko lake, mtoto mchanga mapajani, akimdondoshea maziwa kwa kijiko. Dativa alivua kofia yake ya sare kabla ya kufika.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibu, kaa kwenye kigoda."

Gari la polisi ni tamasha kwa watoto wa Masagati. Kabla Dativa hajakaa sawasawa, walikuwa wameshajaa uani, wadogo wadogo, matumbo mbele. Mmoja, msichana wa kama miaka miwili, alianza kuchezea kamba ya kiatu chake.

"Brigitha, acha!" Bi Dorotea alifoka.

Watoto watatu wakasimama wima kwa pamoja.

Dativa alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza wiki ile. "Wote hawa akina Brigitha?"

"Hao ni wa hapa jirani tu. Nenda kule kisimani uite, utaogopa. Sisi huku, kama wazazi hawana jina la marehemu wanalodaiwa, mtoto wa kike anachukua la aliyempokea. Sasa aliyepokea ni mmoja, tungefanyaje?"

"Na wa kiume?"

"Wa kiume tuliona aibu kuwaita Brigitha. Huyo mwenye kamasi puani tumemwita Mradi. Wako wanne."

Lukelo, aliyekuwa ameegemea nguzo, aligeuza uso ukutani ili asionekane akicheka. Dativa alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akiwatazama watoto, mmoja mmoja. Aliuliza taratibu, kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu.

"Mama, akina Apolonia wako wapi?"

"Apolonia yupi?"

"Nesi Apolonia. Yule mwingine."

"Kulikuwa na mwingine?" Bi Dorotea alifikiri. "Aa, yule mama wa siku ya sherehe. Aliyeshuka kwenye gari la Fridolin, na mkoba mweupe. Huyo alipewa funguo, akapigwa picha, tukamshangilia tukidhani ndiye anayebaki. Akapanda gari. Brigitha alimkimbilia mpaka dirishani: mama, unarudi lini? Akamjibu, nitaona. Mtoto wa watu akakaa chini pale barabarani akalia. Akasema, jamani, mlango huu hautafunguka bila mimi, na mimi hawanitaki."

Lukelo aliandika. Dativa alingoja kalamu itulie.

"Kwa nini hamkusema haya, mama? Wafadhili walikuja kukagua kila mwaka. Waliwauliza mnao wauguzi wangapi."

Mama yule alimfuta mtoto mdomo, akamfunika vizuri.

"Waliniuliza mimi mwenyewe. Mzungu wa kike, mpole, ana mkalimani. Nikamwonyesha vidole hivi." Aliinua viwili. "Mtendaji alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Alisema, sharti la hawa watu ni wauguzi wawili. Mkisema yuko mmoja, watasema halmashauri imevunja makubaliano, watafunga mradi na huyo mmoja ataondoka. Sasa mwanangu, ungekuwa wewe ungesemaje? Tulidanganya ili tubaki naye. Kijiji kizima tulidanganya, na watu wa ofisini walijua tutadanganya. Halafu mradi ukaisha, naye akaondoka, na yule wa uongo hakuja. Mimi hivi vidole vyangu, nikivitazama, natamani nivikate."

Alilia bila sauti. Dativa alikaa naye. Kuna mahali ambapo taratibu za upelelezi hazina la kuongeza.

"Na huyu mdogo anaitwa nani?" aliuliza hatimaye.

"Huyu hana jina. Aliyempokea ni nani?"

Nazari hakusumbua sana jioni ile. Alipowaona wakirudi, na mwendo wa Dativa ukiwa ule, alianza kueleza kabla ya kuulizwa: Fridolin alimletea makaratasi ya kuthibitisha kila robo mwaka, yeye akatia mhuri, hakula hata senti, alifanya kwa ajili ya kijiji. Huenda ilikuwa kweli. Dativa alimwandikisha maelezo kwa taa ya sola na hakumpa mkono alipomaliza.

Ndani ya gari, asubuhi, Lukelo alizungumza zaidi ya ilivyokuwa desturi yake.

"Afande, kama Apolonia hakuwa huku, miaka yote mitatu alikuwa wapi?"

Dativa alitazama dirishani. Mashamba ya mpunga yaliyovunwa yalikuwa yakipita, yamebaki mabua. Jibu alikuwa nalo tangu jana barazani kwa Bi Dorotea, na alikuwa amelala nalo. Akina Apolonia walikuwepo. Walikuwa Ifakara. Mmoja wao alikataa uji Alhamisi asubuhi.

"Alikuwa kwangu," alisema. Lukelo alidhani hakusikia vizuri, akarudisha macho barabarani.

*

Apolonia alikuwa uani kwake, Ifakara, ungo mapajani, akichambua mchele. Alipomwona Dativa uso wake wote ulifunguka, na hilo ndilo Dativa alilokuja kulichukia baadaye: furaha ile haikuwa ya kuigiza.

"Karibu mwanangu! Na koplo pia. Wajina wangu hajambo?"

"Hajambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimemshonea kigauni, utakipitia. Kaeni, chai iko jikoni."

"Tumekuja kikazi, mama. Koplo ataandika."

Mkono wa Apolonia ulisita juu ya mchele, kisha ukaendelea.

"Ile nyumba ya mtumishi, Masagati. Wewe na Brigitha mlilala vipi?"

"Kila mtu chumbani kwake."

"Ina vyumba vingapi?"

"Viwili," Apolonia alisema. "Na sebule ndogo."

Kalamu ya Lukelo ilikwaruza.

"Nina swali jingine. Nilikuwa huko jana. Nimewakuta akina Brigitha mpaka nimepoteza hesabu. Wapo akina Mradi. Wewe una wajina wangapi Masagati, mama?"

Ungo ulitulia. Kuku mmoja alisogea, akadonoa mchele, na hakuna aliyemfukuza.

"Umekwenda kuwauliza watoto," Apolonia alisema.

"Nimemuuliza mama yake Sikitu."

Dativa alitoa ule mfuko wa vielelezo, akaliweka kufuli mezani, zito, na kutu pembeni. Apolonia alilitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Halafu aliinuka, akaingia ndani, Lukelo akimfuata mlangoni kama taratibu inavyotaka. Alitoka na kopo la majani ya chai. Funguo zilikuwa humo, zimefungwa kwa kipande cha kanga. Lukelo alivaa glavu, akajaribu wa kwanza, ukakataa. Wa pili ulizunguka, na kufuli likafunguka kwa mlio mdogo tu.

"Ulikuwa nazo muda wote," Dativa alisema. Sauti yake haikuwa ya kipolisi hata kidogo. "Nimekaa kwenye kiti hiki hiki, umenipa chai, ukaniambia yule binti katoroka nazo. Ukaniangalia machoni."

"Kaa chini, Dativa."

"Niko sawa nikisimama."

"Basi sikiliza umesimama. Nilikuwa nimepangiwa Masagati, hata sijaripoti; wafadhili walipomleta yule binti, Fridolin aliniita. Akasema, Masagati wameshapata mtu na mshahara hautoki kwetu. Wewe njoo mjini, wodi ya wazazi inaelemewa. Ila jina lako libaki kule, wageni wakiona pengo watatunyima. Nikafurahi. Nilikuwa nimekaa porini miaka kumi kabla ya hapo, leo zahanati hii, kesho ile, nimechoka. Sikuona ubaya. Wauguzi wawili kule, huku wanawake wanalala chini."

"Na mradi ulipoisha?"

"Akaniambia niende kituoni kwangu. Nikaomba gari na fedha ya uhamisho, nina vyombo, nina wajukuu. Ofisi ikanijibu haiwezi kunilipa uhamisho wa kwenda Masagati kwa sababu kwenye makaratasi yao niko Masagati." Alicheka, kicheko kikavu kabisa. "Nimekwenda ofisi ile mara ngapi! Mtu hahamishiwi alipo, waliniambia. Nikasema nitangoja wapate njia. Nikangoja. Halafu habari za yule mama zikaja."

"Funguo ungempa hata dereva wa lori azipeleke."

"Ningempa. Nilifikiri hivyo. Lakini atakayezipokea angefungua ili aingie nesi gani?"

"Na baada ya kifo?"

Hapo ndipo Apolonia aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. "Fridolin alikuja hapa. Akasema, mmoja wenu atabeba. Wewe una watu wanaokutegemea, yule hata si mtumishi wetu. Hana barua ya ajira, hana chama, hana mtu. Sema mlikuwa wote. Nikasema."

"Ana kijiji kizima chenye jina lake."

"Najua hilo sasa."

Dativa alijaribu kuvaa tena uso wa kazi. Alimwambia yuko chini ya ulinzi, akamweleza haki zake, kwa maneno aliyoyasema mara mia kwa watu wengine. Apolonia alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alisema, bila ukali, na ndiyo maana yaliuma:

"Usiku ule wodini tulikuwa mimi na mwanafunzi mmoja. Mtoto wako alikuwa amejifunga kitovu shingoni. Kama ningekuwa Masagati nilikotakiwa kuwa, nani angempokea? Nijibu hilo, mwanangu, halafu nifunge pingu."

Dativa alimtazama Lukelo, naye Lukelo akaelewa, akamsogelea mama yule na kumwomba kwa heshima anyooshe mikono.

Kigauni kilikuwa juu ya kiti, cha njano, kimekunjwa. Dativa alikiacha pale.

*

Mkuu wa upelelezi alikasirika kwanza kwa kusumbuliwa Jumamosi, kisha akasoma maelezo ya Bi Dorotea na ya Nazari, akakasirika kwa sababu nyingine. Fridolin hakuwa akipokea simu. Alitumiwa askari wawili nyumbani. Brigitha aliandikiwa dhamana ya polisi wakati jalada likigeuzwa, naye alikaa kwenye benchi la mapokezi akingoja kurudishiwa kamba za viatu vyake.

Dativa alipita mbele yake. Alikuwa amepanga kumwomba radhi, lakini maneno yote aliyoyapanga yalionekana madogo.

"Uliniambia kweli tangu siku ya kwanza," alisema. "Sikukusikiliza."

"Ulikuwa unamjua, afande. Nilikuona usoni kila nikitaja jina lake." Brigitha alivuta kanga mabegani. "Mtoto wa Sikitu je?"

"Mzima. Yuko kwa bibi yake."

"Ameitwa nani?"

"Bado hana jina. Bibi anasema hakuna aliyempokea."

Brigitha alitikisa kichwa polepole, akafunika uso kwa kanga, na hakuuliza tena.

Chumba cha mahojiano kilikuwa wazi. Dativa aliingia na Lukelo, akazunguka meza na kuketi upande wa pili, kwenye kiti cha wanaohojiwa. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Alilisukuma jalada hadi kwa Lukelo.

"Hili si langu tena. Mimi ni shahidi. Niandikishe."

"Afande, mambo haya tunaweza kuyathibitisha kwa njia nyingine. Kufuli lipo. Wanakijiji wapo."

"Wanakijiji watasema hakuwa kule. Wakili wake atauliza, kama hakuwa kule alikuwa wapi? Andika, Lukelo."

Lukelo alivuta karatasi. Aliandika jina la Dativa, kazi yake, dini yake, mahali anapoishi, kama walivyoandikiwa wote waliowahi kukaa pale. Alimwuliza tarehe aliyojifungua, naye akaitaja. Alimwuliza tarehe hiyo muuguzi Apolonia alipaswa kuwa kituo gani, naye akajibu Masagati.

"Una uthibitisho gani kwamba ndiye aliyekuhudumia?"

"Mwanangu ana jina lake. Lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, na la ubatizo pia. Tunamwita Pola."

Lukelo aliandika, akasita, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Swali lililofuata lilikuwa la kawaida, shahidi yeyote angeulizwa, lakini alilitoa huku akitazama meza.

"Kwa nini mlimpa jina la muuguzi huyo?"

Kupitia mlango uliokuwa wazi, Dativa aliiona kanga ya Brigitha kwenye benchi, na viatu vyake visivyo na kamba. Sauti ingefika hadi pale.

"Kwa sababu alikuwepo," alisema.